Chini ya Kisima

Ujinga wangu wa kwanza ulikuwa kunyoosha mkono. Karani wa kampuni aliuliza, "Hapa nani anajua kusoma ramani?" na mkono wangu ukapanda wenyewe, kama unavyopanda shuleni mpishi anapouliza nani hajapata uji. Ramani nilikuwa nimeiona mara moja tu maishani, ukutani mwa ofisi ya mwalimu mkuu, na siku hiyo nilikuwa nimesimamishwa pale kwa kosa jingine, kwa hiyo sikuitazama kwa utulivu.

Hapo tulikuwa uani kwa jumbe wetu, kijijini, njia ya kwenda Kiegei, kiangazi cha mwaka jana. Mimi nilikuwa likizo kutoka shule ya kati kule Nachingwea. Watu walikuwa wameitwa wasikilize habari ya ng'ombe.

Kampuni hiyo ilikuja kwetu nikiwa bado nachunga kuku. Iling'oa pori kwa matrekta yaliyo makubwa kuliko msikiti wetu, ili ilime karanga. Karanga zikakataa. Mama yangu, ambaye karanga zake hazijawahi kukataa hata mwaka mmoja, aliendelea kupalilia zake. Baadaye tukasikia kwamba sasa watafuga, na kwamba bonde letu limeonekana linafaa kwa sababu ni kavu na mbung'o wamepungua. Sisi kwetu tuna mbuzi, kuku, ufuta na mikorosho. Ng'ombe, wengi wetu tulikuwa tumemwona akiwa tayari vipande, siku ya Idi.

Watu hawakuwa na ugomvi na ng'ombe. Bonde ni kubwa na upande ule wa majani makavu hakuna anayelima. Walichouliza ni kisima.

Mto wetu una maji wakati wa mvua tu. Mvua zikiisha unabaki mchanga, na ukiupita bila kuujua utadhani ni barabara pana iliyotelekezwa. Lakini penye kona moja, ukifukua mchanga kiasi cha kuzama mtu mpaka kifuani, maji yanatoka, safi, baridi. Mama ndiye anayekifukua kisima hicho kila kiangazi, kama alivyofukua bibi mzaa mama kabla yake, na kwa hiyo kinaitwa cha kwetu, ingawa kijiji kizima kinachota. Hakuna kingine. Kisima kile kikiharibika, kijiji kinahama.

Karani alikuwa ameeleza kwamba ng'ombe watajengewa josho: mfereji wa saruji uliojaa dawa, ng'ombe anatumbukia upande huu, anaogelea, anatokea upande ule bila kupe hata mmoja.

"Kumbe ng'ombe wana bafu," mimi nikasema. Wenzangu wakacheka. Jumbe akanitazama.

"Hiyo dawa mtu akinywa?" mama akauliza.

"Mtu hainywi, mama."

"Nimeuliza akinywa."

"Akinywa anakufa," karani akasema. "Ni sumu ya kupe, na haichagui."

Halafu mama akauliza swali ambalo ndilo lililoleta mambo yote: josho litakuwa upande gani wa kisima? Karani akakunjua ramani, akaitandaza juu ya mkeka, akaizunguka kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba. Alikuwa mtu wa Lindi mjini, kazi yake kuandika na kutafsiri. Ramani alipewa tu aje nayo. Ndipo akauliza nani anajua kusoma.

Nilikaa kitako mbele ya karatasi ile na kijiji kizima nyuma ya shingo yangu. Ilikuwa imejaa mistari ya rangi ya udongo, imepindapinda, mingine imesongamana, mingine imeachana, haikatizani hata mahali pamoja. Nikawaambia ni njia za konokono wa Kizungu. Jumbe akataka kujua nyumba yake iko wapi. Nikatafuta alama kubwa kuliko zote nikamwonyesha, akaridhika sana. Baadaye shuleni nilikuja kujua kwamba alama ile ni ya jabali.

Mto niliupata haraka, kwa sababu ni wa buluu. Tena haukuchorwa mfululizo, ulichorwa vipandevipande.

"Mbona umekatikakatika?" akauliza mama.

"Ndivyo ulivyo. Unakauka."

"Kumbe wanajua," akasema, na nikaona ameanza kuiamini ile karatasi.

Kona ya kisima nayo niliipata. Kona kama ile ni moja tu. Na msalaba mwekundu wa penseli, ambao karani alisema ndio josho, ulikuwa kando ya mto huohuo, upande wa miguuni pangu. Nikatazama kona, nikatazama msalaba. Kona iko juu, msalaba uko chini.

"Josho liko chini ya kisima," nikasema.

"Una hakika?" akauliza jumbe.

"Hata kipofu anaona. Kisima hiki hapa juu. Josho lile kule chini."

Mama yangu alisimama. Si mtu wa kusimama barazani, na Kiswahili chake ni cha sokoni, anakipima kabla ya kukitoa. Alisema, "Mtoto wangu amesoma. Kama josho liko chini, dawa itakwenda chini, maji yetu hayataguswa. Sisi wanawake tumekubali." Akakaa, akavuta kanga yake mabegani. Wanawake wengine wakaitikia. Karani akakunja ramani, na jumbe akaagiza niletewe korosho za kukaanga. Nilizila zote. Haikubaki hata moja ya kumpa mdogo wangu.

Likizo ikaisha, nikarudi Nachingwea.

Kampuni ilipoachana na karanga ilikuwa na makaratasi mengi yasiyo na kazi, na shule yetu ikapewa mzigo mzima. Zilikuwa ramani. Tulitumia migongo yake kuchorea, kwa kuwa mgongo wa ramani ni mweupe na mgumu, unafaa kwa picha ya panzi. Niliwahi kuchora panzi mzuri sana nyuma ya nusu ya Ruangwa. Basi siku moja mwalimu wa jiografia akasema leo tuzigeuze, tutazame na upande wa mbele.

Akaanza na ile mistari ya udongo. Mimi nikajibu kabla sijaulizwa kwamba ni konokono. Akanisimamisha, akaendelea kufundisha nikiwa nimesimama. Akasema: mmeona dimbwi linavyokauka mbugani? Siku ya kwanza maji yanafika hapa, yanaacha alama. Yakipungua yanaacha alama nyingine, chini ya ile. Mwisho dimbwi limekwisha, zimebaki pete, moja ndani ya nyingine, na kila pete ni mahali ambapo maji yalilala sawasawa. Mistari hii ni pete hizo, ila dimbwi ni nchi nzima. Penye mistari iliyosongamana ni mteremko mkali. Na kila mstari una namba yake, ambayo ni kimo.

Nilielewa. Jambo hilo halinitokei kila siku, kwa hiyo nilitambua mara moja kwamba limetokea. Karatasi iliyokuwa mbele yangu ikainuka, pande zake zikawa vilima na katikati pakazama. Nikauona mto wa buluu wa vipandevipande. Nikaiona kona. Nilikuwa nimepewa bonde letu, nakala ya karatasi ileile, ila hii haikuwa na msalaba.

Nikasoma namba. Nilianzia juu ya karatasi nikashuka. Namba zikawa zinapanda. Nikadhani nimekosea, nikaanza tena kutoka chini kwenda juu. Zikashuka.

"Mwalimu," nikasema, "mto unaweza kupanda karatasi?"

Darasa likacheka. Ndiyo hasara ya kuwa mtu wa masihara, hata ukiuliza saa watu wanacheka.

Mwalimu hakucheka. "Juu ya karatasi ni kaskazini," akasema. "Basi. Si mlimani, si mbinguni. Maji yanafuata namba ndogo, hata kama namba ndogo iko juu ya ukurasa. Mito yenu ya kule yote inakwenda kaskazini kuutafuta mto Mbwemkuru. Wewe si mtu wa kule? Hujui mto wenu unakwenda wapi?"

Nilijua. Nimechota maji pale tangu naweza kubeba kibuyu. Najua jani likianguka mtoni wakati wa mvua linakimbilia upande gani, kwa sababu tumeshindanisha majani. Ungeniuliza mtoni ningekuonyesha huku nimefumba macho. Lakini mbele ya mkeka sikuufikiria mto. Niliifikiria karatasi, na karatasi kama ukuta au kama mtu ina juu yake na chini yake. Nikasema "chini" ya karatasi, nao wakasikia "chini" ya mto. Neno lilikuwa moja, na hakuna aliyedanganya. Na msalaba ule mwekundu ulikuwa kule maji yanakotoka.

Niliomba ruhusa ya kwenda nyumbani siku ileile. Nikasema kuna jambo la kifo. Mwalimu wa zamu akaniuliza ni bibi tena? Bibi yangu mmoja nilikuwa nimeshamzika mara mbili kwa ajili ya ruhusa, kwa hiyo sikubisha. Nikangoja Jumamosi, nikatembea.

Nilimkuta mama anapepeta ufuta. Aliniona akaendelea kupepeta.

"Umefukuzwa?"

"Hapana. Mama, ile chini niliyosema, si chini."

"Ni nini?"

"Ni chini ya karatasi."

"Na karatasi ilikuwa wapi?"

"Juu ya mkeka."

"Basi chini ya karatasi ni mkeka," akasema. "Nenda kale, kuna muhogo ndani."

Nikamwambia sifanyi masihara. Akasema ndivyo nilivyosema hata siku ile niliyotangaza kuna simba chooni, na mjomba wangu akabana mkojo mpaka jua likatoka. Nikachukua ungo uliokuwa mtupu nikauweka mbele yake. Nikaweka punje moja ya mahindi, nikasema hiki kisima. Nikaweka nyingine, nikasema hili josho, kama nilivyolisoma. Halafu nikamwomba anyooshe kidole mto unakotoka. Akanyoosha. Nikauzungusha ungo mpaka ukalala kama bonde lenyewe lilivyolala. Punje ya josho ikaenda ikasimama upande wa kidole chake.

Kuku mmoja akaja akala josho. Hakuna aliyecheka, na mimi mwenyewe nilijizuia.

"Wakati unasoma," akasema, "ulikuwa hujui mto unakotoka?"

"Nilikuwa najua mto. Sikuwa najua karatasi."

Akasimama, akajifunga kanga ya pili. Tukaenda.

Tulikipita kisima, wasichana wawili walikuwa pale wakichota, mama akawasalimu bila kusimama. Tukapandisha kwa kufuata mchanga wa mto. Tulianza kuwasikia wachimbaji kabla ya kuwaona, majembe na wimbo wa uvivu wa watu wanaolipwa kwa siku. Shimo lilikuwa limewafika magotini. Saruji ilikuwa imeshaletwa, mifuko imefunikwa turubai. Nyapara wao alikuwa amekaa juu ya mifuko, anakula muwa.

"Karibu mama. Unatafuta mtu?"

"Natafuta josho."

"Ndiyo hili."

"Mliambiwa mchimbe wapi?"

"Chini ya kisima," nyapara akasema. "Na ndipo tunapochimba."

"Kisima changu kiko kule," akasema mama, akionyesha tulikotoka. "Maji yanatoka huku yanakwenda kule. Nyinyi mko juu yangu."

Nyapara akatema kapi la muwa. "Mama, hayo ya juu na chini mimi siyajui. Kwenye karatasi mko juu. Na nasikia kijiji chenyewe kilikubali, tena alisimama mama mmoja akasema kwa kinywa chake."

"Ni mimi," akasema mama.

"Basi."

Mama akageuka. Alirudi kijijini akapita nyumba kwa nyumba, na mimi nyuma yake. Kila mlango alisema maneno yaleyale, kwa Kimwera, bila kupunguza: kwamba alisimama akasema, kwamba alichosema si kweli, na kwamba Jumatatu waje shimoni. Nilitegemea anitaje, kwamba mtoto huyu ndiye. Hakunitaja. Nilikuwa nimeandaa sura ya kuona haya, nikaibeba mlango hadi mlango bila kupata pa kuiweka.

Jumatatu wanawake walikaa ndani ya shimo. Hawakupigana na mtu. Walishuka wakakaa, wengine na watoto wao, mmoja akawa anamenya mihogo. Wachimbaji wakafurahi wakaenda kulala kivulini. Adhuhuri ikaja gari, likashusha karani na msimamizi wa ng'ombe, Mzungu mwenye masikio mekundu na kofia iliyopigwa na mvua nyingi. Jumbe alikuja kwa miguu, kama mtu ambaye hakualikwa.

Msimamizi akasema maneno, karani akatafsiri: "Anauliza mnataka nini. Mlikubali josho chini ya kisima. Hili ni chini ya kisima."

"Mwambie ni juu," akasema mama.

Karani akamwambia. Msimamizi akafungua ramani juu ya boneti la gari, akatia kidole kwenye kona, akatia kingine kwenye msalaba, akasema neno fupi.

"Anasema ni kusini," karani akasema.

Hapo nilijipenyeza. Nikaanza kwa Kiswahili, nikaishia kwa Kiingereza cha darasa la saba, ambacho hakina wakati uliopita. Nikasema mimi ndiye niliyesoma ramani ile barazani, kwamba chini niliyosema ilikuwa ya ukurasa, na kwamba namba za mistari zinapungua kuelekea kisimani. Nikazionyesha moja moja. Karani alipoelewa alianza kucheka, akajifanya anakohoa. Msimamizi alinitazama, kisha akatazama mchanga wa mto, mchanga wenyewe, kwa mara ya kwanza nadhani. Akauliza shimo lina siku ngapi. Akauliza kama saruji imeanza kumwagwa. Haikuwa imeanza.

Akazungumza na karani kwa muda mrefu. Josho haliwekwi popote tu, karani akatueleza. Linataka ardhi isiyotitia, na gari liweze kufika. Huku juu ndiko palikuwa pazuri. Kama halitakaa huku, mahali pengine pa namna hiyo ni pamoja tu, na akaonyesha kwa mkono, mbele ya kisima, kule maji yanakoelekea, kwenye tambarare ya udongo mgumu.

Watu wote wakamgeukia mama, hata watoto waliokuwa shimoni. Tambarare ile ni jaruba lake la mpunga. Ndilo pekee linalolimwa mpunga kijijini kwetu, na mvua zikiwa nzuri tunakula wali mpaka watu wa Mandawa wanakumbuka kwamba ni ndugu zetu.

"Aulizwe mwenyewe," akasema jumbe.

Mama alimuuliza karani swali moja. "Dawa ikitoka pale, inakwenda kwa nani?"

Karani akatafsiri, akajibiwa. "Inakwenda porini mpaka Mbwemkuru. Hakuna mtu."

"Mwambie achimbe pale."

Karani akasema kampuni itatazama namna ya kumfuta jasho. Mama hakuuliza lini. Wanawake walitoka shimoni mmoja mmoja, wakikung'uta kanga. Hakuna aliyemshukuru, na nadhani hakutaka. Yule wa mihogo alimpa mmoja, mbichi, mama akaula palepale.

Tulirudi kwa kufuata mchanga wa mto, mimi na yeye. Penye kona akashuka kisimani, nami nikakaa ukingoni. Nilikuwa na maneno mengi, lakini yote yalikuwa ya kuchekesha. Nikasema tu, "Mama, jaruba lile."

Alikuwa ameinama, anangoja maji yajikusanye. Alisema, "Mpunga wa mwaka huu upo ndani. Wa mwakani utaulima wewe, na pa kuulima utapatafuta mwenyewe. Sasa sogea, unaniangushia mchanga."